Richard Kandt: Tabibu Aliyeitafuta Amani ya Mlima Kando ya Ziwa Kivu

Askari aliyewahi kupangiwa lindo la mwisho la usiku anaifahamu saa ambayo watu wengi huipitisha usingizini. Ni saa ile ambayo giza halijaondoka na nuru haijafika, majogoo yamekwisha kuwika, na upepo wa baridi unashuka kutoka milimani ukimpiga mlinzi usoni. Mlinzi mwenye uzoefu anajua kwamba katika saa hiyo macho hudanganya. Kisiki huonekana kuwa mtu, na mtu huweza kuonekana kuwa kisiki. Kwa hiyo husubiri, wala hatoi taarifa mpaka nuru imemwonyesha kitu kama kilivyo.

Leo tumekusudia kuwasimulia ndugu zetu wa majeshi na wa polisi maisha ya mtu mmoja aliyeuacha mji mkubwa wa Ulaya, akajenga nyumba mahali palipo kimya kando ya Ziwa Kivu, akaandika huko kitabu kilichompa jina duniani. Jina lake ni Richard Kandt. Alikuwa tabibu, mtunzi wa mashairi, mpima ramani, na hatimaye mtawala wa kikoloni. Hatumsimulii kwa nia ya kumtukuza, kwani hatuwezi kuusahau ukoloni aliouhudumia. Wala hatumsimulii kwa nia ya kumdharau. Tunamsimulia kwa sababu maisha yake yanatufundisha jambo moja zito juu ya kutazama: kwamba jicho lile lile linaweza kuona sawasawa upande mmoja, na kupofuka upande wa pili.

MAHALI PENYEWE

Kabla ya kumtaja mtu, hatuna budi kupataja mahali. Cyangugu ni pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Mbele yake liko Ziwa Kivu, lililo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na lenye kina kinachopita mita 470. Hapo mto Rusizi hutoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya mto huo ndiko uliko mji wa Bukavu katika nchi ya Kongo. Nyuma ya Cyangugu, upande wa mashariki, imesimama milima yenye msitu mkubwa wa Nyungwe. Mkoa wa zamani wa Cyangugu uligawanywa katika mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, na sehemu zake zikawa wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Shangi, mahali alipoishi Kandt, pamo katika Nyamasheke ya leo. Wenyeji wengine wa zamani wangali wakipahesabu kuwa Cyangugu, kama ilivyokuwa tangu awali.

Mapambazuko ya mahali hapa yana desturi yake. Kwa kuwa jua huchomoza nyuma ya milima ya Nyungwe, mtu aliyesimama ufukweni halioni jua lenyewe kwanza. Anachoona kwanza ni vilele vya ng'ambo, upande wa Kongo, vikigeuka rangi kimoja baada ya kingine, na mlima Kahuzi, wenye zaidi ya mita 3,000, hutangulia. Kisha nuru huteremka polepole juu ya miteremko, ikafika kisiwa cha Idjwi, ikagusa maji, na mwisho kabisa humfikia mtazamaji mwenyewe pale alipo. Ni kama kwamba habari ya asubuhi huletwa na jirani. Upepo nao una zamu zake. Usiku hewa ya baridi hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Mchana, nchi kavu ikiisha kupata joto, upepo hugeuka na kupanda kutoka ziwani kuelekea vilimani. Baina ya zamu hizo mbili huwapo muda mfupi wa utulivu, maji yakalala kama kioo. Wavuvi waliokesha ziwani na taa zao hurudi katika muda huo wakiimba kwa kufuata kasia.

Katika siku za Kandt hapakuwa na taa hizo za wavuvi, wala samaki wadogo waitwao sambaza, ambao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mnamo mwaka 1959. Lakini nuru na upepo vilikuwa hivi hivi.

KUZALIWA NA ELIMU YAKE

Richard Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Prussia na sasa ni Poznań, katika nchi ya Poland. Alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi, na jina la ukoo wake lilikuwa Kantorowicz. Baadaye alijiita Kandt na akaingia katika dini ya Kikristo ya Kiprotestanti. Hata kabla ya kuiona Afrika, basi, alikuwa mtu aliyekwisha kuvuka mipaka miwili: mpaka wa jina na mpaka wa dini.

Alisomea uganga wa kizungu katika vyuo vikuu vya Ujerumani, kisha akafanya kazi ya kuwatibu wagonjwa wa akili katika miji ya Bayreuth na München. Kazi hiyo si nyepesi. Tabibu wa akili hana budi kuketi na mgonjwa kwa saa nyingi, kusikiliza maneno yasiyopangika, na kutafuta maana ndani yake. Yamkini ni kazi hiyo iliyomfundisha uvumilivu wa kusikiliza. Na yamkini ni kazi hiyo hiyo iliyomfanya aitamani nchi yenye kimya.

Siku zile habari za Mto Nile zilikuwa bado zikiwasumbua wataalamu wa Ulaya. Tangu kale Warumi walikuwa na msemo wa Kilatini wa kutafuta kichwa cha Nile, maana yake kujaribu jambo lisilowezekana. Mwaka 1862 Speke alikuwa ameuona mto huo ukitoka katika Ziwa Victoria. Lakini ziwa nalo hupokea maji kutoka mito mingine, na mkubwa katika hiyo ni Kagera. Je, Kagera huanzia wapi? Oscar Baumann, aliyepita Burundi mwaka 1892, alidai kuwa amekiona chanzo katika mto Ruvubu. Kandt hakuridhika na jibu hilo, akaazimia kwenda mwenyewe.

SAFARI KUTOKA PWANI

Mwaka 1897 Kandt aliondoka pwani pamoja na msafara wake, akafuata njia ya kale ya misafara kuelekea Tabora. Hakuwa kamanda wa jeshi wala mjumbe rasmi wa serikali. Safari ilikuwa yake binafsi. Hata hivyo hatuna budi kukumbuka kwamba alipita katika nchi iliyokwisha kutiwa chini ya bendera ya Ujerumani kwa nguvu ya bunduki, na usalama wake ulitegemea hofu iliyokuwa imetangulia mbele yake.

Hatuna budi pia kuwakumbuka wale ambao vitabu vya namna hii huwapitia kwa haraka. Mzungu mmoja aliyesafiri kutoka pwani hadi Kivu hakusafiri peke yake. Walikuwapo wapagazi waliobeba vitambaa, shanga, dawa, vyombo vya kupimia na karatasi. Walikuwapo askari wa kulinda msafara, wapishi na wakalimani. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, nayo iliwafuata hadi kwenye vilima vya Rwanda. Kila karatasi aliyoiandika Kandt huko Shangi ilikuwa imepanda milima juu ya kichwa cha mtu.

MFALME ALIYEFICHWA

Katikati ya mwaka 1898 Kandt aliingia Rwanda na kufika katika baraza ya mfalme. Nchi ilikuwa imetoka katika misukosuko mikubwa. Mwami Kigeri Rwabugiri, mfalme aliyejulikana kwa vita vyake vingi, alikuwa amefariki mwaka 1895. Mwaka uliofuata, hapo hapo Shangi, jeshi la Rwanda lilipambana na kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilichokuwa kimevuka mpaka na kuweka kituo. Wapiganaji wa Rwanda walikwenda kwa mikuki, mishale na ushujaa. Upande wa pili ulikuwa na bunduki. Matokeo yake askari wa leo hana haja ya kuelezwa. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1896 yakatokea mapinduzi ya Rucunshu, ambayo yalimwondoa Rutarindwa na kumweka kijana Musinga katika kiti cha ufalme, nguvu halisi zikiwa mikononi mwa mama yake Kanjogera na mjomba wake Kabare.

Kandt alipoomba kumwona mfalme, aliletewa mtu mzima aliyekaa mahali pa mfalme na kupewa heshima zote. Mwaka mmoja kabla yake, Kapteni Ramsay wa jeshi la Kijerumani alikuwa ameonyeshwa mtu wa namna hiyo hiyo na kuamini kwamba amemwona mtawala wa Rwanda. Lakini Kandt alitia shaka. Alikuwa amepata habari kwamba mfalme ni kijana, na huyu aliyeketi mbele yake hakuwa kijana.

Sisi tunalitazama tukio hili kwa namna mbili. Kwanza, linaonyesha werevu wa baraza ya Rwanda, ambayo ilimlinda mfalme wake kwa njia pekee iliyobaki baada ya mikuki kushindwa. Pili, linaonyesha kwamba mgeni huyu hakuwa mwepesi wa kuridhika na kile alichoonyeshwa. Alilinganisha alichokiona na alichokisikia, akatambua kwamba haviafikiani. Mpelelezi wa polisi ataitambua kazi hiyo, kwani ndiyo kazi yake ya kila siku.

CHEMCHEMI KATIKA MSITU

Kutoka baraza ya mfalme Kandt aliendelea na kazi iliyomleta. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza: kila mito miwili inapokutana, pima ulio mkubwa, kisha ufuate huo. Aliufuata Nyabarongo kuelekea juu, mpaka penye Mwogo na Mbirurume. Kutoka Mwogo akashika njia ya Rukarara, akaingia katika msitu wa Nyungwe. Msitu ule ni wa baridi na ukungu, wenye miti mirefu iliyovikwa kuvu na mizabibu ya mwituni, na njia zake siku zile zilikuwa za tembo kuliko za watu.

Mwezi wa Agosti 1898 alifika mahali ambapo Rukarara huanza. Hapakuwa na maporomoko wala ngurumo. Palikuwa na unyevu katika ardhi, ukidondoka kidogo kidogo. Mto unaopita nchi nyingi na kuwanywesha mamilioni ya watu hadi Misri huanza kwa matone ambayo mtoto anaweza kuyaziba kwa kiganja.

Ubishi juu ya chanzo cha Nile haukuishia hapo. Katika miaka ya 1930 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, aliionyesha chemchemi iliyo kusini ya Burundi, na mwaka 2006 kundi la wasafiri lilipanda tena hadi Nyungwe kwa vyombo vya kisasa. Jibu hutegemea kinachopimwa, wingi wa maji au urefu wa njia. Lakini hakuna anayekana kwamba Kandt alipima kwa uaminifu kile alichoweza kukipima.

AMANI YA MLIMA

Mtu mwingine angerudi Ulaya mara moja kudai sifa. Kandt hakufanya hivyo. Aliteremka upande wa pili wa milima hadi Ziwa Kivu, na mwaka 1899 akajenga makazi yake katika rasi ya Shangi. Makazi hayo aliyapa jina la Kijerumani, Bergfrieden, ambalo maana yake ni amani ya mlima.

Jina hilo peke yake ni ushahidi wa kile alichokitafuta. Hakupaita ngome wala kituo. Na alipaita hivyo wakati ambapo eneo lote halikuwa na amani. Wajerumani na Dola Huru ya Kongo walikuwa wakigombea mpaka, kila upande ukiweka vituo vya kijeshi machoni pa mwenziwe. Mpaka wenyewe ulikuwa umechorwa Ulaya, mstari juu ya karatasi, miaka kadhaa kabla ya Mzungu yeyote kuliona ziwa hilo. Wa kwanza kuandika kwamba ameliona alikuwa von Götzen, mwaka 1894. Askari wa Kongo walioasi katika msafara wa Dhanis walikuwa wamefika hata upande huo wa Kivu, na wenyeji wa ufukweni walikuwa wameona mazao yao yakichukuliwa na zaidi ya jeshi moja.

Katika hali hiyo Kandt alianza kazi ya kupima ziwa. Kwa muda wa miaka kadhaa alizunguka kwa mtumbwi na kwa miguu, rasi kwa rasi, ghuba kwa ghuba, kisiwa kwa kisiwa, na kuchora ramani yake. Yeyote aliyelitazama Ziwa Kivu kutoka juu anajua ugumu wa kazi hiyo, maana ufuko wake umekatika-katika kama ukingo wa jani lililoliwa na wadudu. Alikusanya pia mimea, ndege na wanyama, akavipeleka Berlin. Yuko kima wa rangi ya dhahabu, anayeishi katika misitu ya milima ya Virunga, ambaye wataalamu walimpa jina la Kandt hadi leo.

Na alikuwa akiandika. Mtu akipima ziwa, hana budi kuamka mapema, kwa sababu maji hutulia alfajiri na upepo huyavuruga baadaye. Wakati mzuri wa vyombo vya kupimia ndio wakati mzuri wa moyo. Hatudai kujua yaliyopita katika fikira zake asubuhi moja moja. Lakini tunaweza kusema bila kukosea kwamba kitabu chake hakingeweza kuandikwa na mtu asiyejua kuketi kimya. Ndani yake mna mvua, ukungu, rangi za vilima, sauti za usiku, na uchovu wa mtu aliye mbali na kwao. Wasafiri wengi wa wakati ule waliandika juu ya wanyama waliowaua na makabila waliyoyatisha. Yeye aliandika pia juu ya nuru.

KITABU CHAKE

Mwaka 1902 Kandt alirudi Ujerumani, na mwaka 1904 kitabu chake kikatolewa Berlin. Alikipa jina la Kilatini, Caput Nili, yaani kichwa cha Nile, akiukumbuka ule msemo wa Warumi juu ya jambo lisilowezekana. Kilikuwa kitabu kinene, kilichotungwa kwa mtindo wa barua. Kwa chini aliongeza kwamba hiyo ni safari ya hisia, kana kwamba anamwonya msomaji asitazamie hesabu tupu za maili na vipimo. Wasomaji wa Ujerumani walikipenda, na kikachapwa tena mara nyingine baadaye.

Tukiutazama uandishi wake, tunaona kwamba kimya hakikumfanya mvivu. Watu wengine hudhani kwamba mtunzi ni mtu anayengoja maneno yamshukie, naye amelala chini ya mti. Kandt alipima mchana na kuandika alipopata nafasi, na utulivu wa mlima wake ulikuwa mahali pa kazi. Sanaa na nidhamu, kwake, zililala nyumba moja.

JICHO LILIPOKOSEA

Tungeishia hapo, tungekuwa tumemsimulia nusu ya mtu. Hatuna budi sasa kuusema upande wa pili.

Kandt, aliyeupima mto kabla ya kuusema ukubwa wake, hakuwapima watu kwa uangalifu ule ule. Kama walivyofanya Wazungu wengi wa kizazi chake, aliwatazama Wanyarwanda kwa macho yaliyokwisha kufundishwa Ulaya. Alivutwa na urefu wa baadhi ya Watutsi aliowakuta barazani, na aliandika juu ya Watutsi na Wahutu kana kwamba ni watu wa mbegu mbalimbali, mmoja aliyeumbwa kutawala na mwingine aliyeumbwa kutawaliwa. Hakuzingatia vya kutosha kwamba watu hao walisema lugha moja, waliishi vilima vile vile, walioana, na walikuwa na mfalme mmoja na mila zilizowaunganisha.

Kosa hilo halikuwa lake peke yake, na si yeye aliyelianzisha. Lakini liliandikwa na watu waliosadikiwa, likapita kutoka vitabuni kwenda ofisini. Wabelgiji waliokuja baada ya Wajerumani waliligeuza kuwa utaratibu wa serikali, na katika miaka ya 1930 wakaliandika katika vitambulisho vya watu. Kilichofuata baada ya miaka mingi, hadi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kinajulikana na kila mtu, na Cyangugu nayo iliyaonja machungu hayo katika makanisa yake na katika uwanja wake wa michezo. Hatusemi kwamba Kandt aliyataka mambo hayo. Alikuwa amekwisha kufa miaka 76 kabla. Tunasema kwamba taarifa isiyopimwa, ikitiwa sahihi na mtu mwenye heshima, inaweza kufanya kazi ambayo mwandishi wake hakuiota.

Hapa ndipo somo linapowafikia askari na polisi. Ninyi huandika taarifa. Afisa wa zamu huandika katika kitabu cha matukio, na mpelelezi huandika maelezo ya shahidi. Neno moja linalosema kwamba watu wa mahali fulani ndivyo walivyo, lililoandikwa kwa haraka kabla nuru haijafika, litabaki katika karatasi hata baada ya mwandishi kustaafu. Litasomwa na mwingine ambaye hakuwapo, naye atalichukua kuwa kweli.

KUTOKA KALAMU HADI UTAWALA

Kandt alirudi Afrika mwaka 1905. Mwaka 1907 serikali ya Kijerumani ilimteua kuwa mwakilishi wake mkuu nchini Rwanda. Alikichagua kilima cha Nyarugenge kuwa mahali pa makao, na kutokana na nyumba yake hapo ukaanza mji wa Kigali, ambao mwaka 1962 ulikuwa makao makuu ya Rwanda huru. Nyumba inayokumbukwa kwa jina lake imekuwa makumbusho.

Alitawala akiwa na Wazungu wachache sana, na kwa hiyo aliutumia ufalme uliokuwapo. Alijenga uhusiano mwema na Mwami Musinga, yule yule aliyefichwa mbele yake mwaka 1898. Watu wengine walimhesabu kuwa mpole akilinganishwa na wenzake. Lakini upole wa mtawala wa kikoloni una mpaka wake. Mwaka 1912, yeye akiwa likizoni Ulaya, uasi wa Ndungutse katika upande wa kaskazini ulizimwa na kaimu wake, Gudowius, kwa moto na risasi. Utawala alioujenga Kandt ndio uliofanya hayo, hata kama mkono haukuwa wake. Na mkataba wa mwaka 1910 uliomaliza ugomvi wa mpaka ulikigawa kisiwa cha Idjwi kwa Wabelgiji bila kuwauliza wenyeji. Yale maji aliyoyazunguka kwa mtumbwi, akiyachora kwa subira, yakawa uzio baina ya ndugu.

Shangi nayo ikabaki nyuma. Mtu aliyetafuta amani ya mlima sasa alikuwa na mashauri ya kuamua, wafanyabiashara wa kuwazuia, na barua za serikali za kujibu. Hakuandika tena kitabu cha namna ya kile cha kwanza.

MWISHO WAKE

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Kandt alikuwa Ulaya, na njia ya kurudi ikafungwa. Kivu, aliyoiita mahali pa amani, ikawa uwanja wa vita: mwezi wa Septemba mwaka huo Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka mpaka na kuitwaa Rwanda. Wengi waliokufa katika mapigano hayo walikuwa Waafrika, askari na wapagazi, wakipigania bendera ambazo hazikuwa zao.

Kandt mwenyewe aliitwa kuwa tabibu wa jeshi. Katika utumishi huo alidhurika kwa gesi ya sumu, silaha mpya ya vita vile. Upepo uliokuwa ukimletea ubaridi wa Nyungwe ulikuwa sasa, katika mahandaki ya Ulaya, ndio unaochukua kifo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alifariki dunia tarehe 29 Aprili 1918 katika hospitali ya kijeshi ya Nürnberg, akiwa na umri wa miaka 50. Hakuiona tena Kivu.

Iko habari moja iliyobaki, nayo si ya Kandt bali ya yule mfalme kijana. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga katika ufalme, kwa sababu hakukubali kuinama kama walivyotaka, wakampeleka uhamishoni Kamembe, hapo hapo Cyangugu. Aliishi huko miaka kadhaa, mpaka mwaka 1940 alipohamishiwa Kongo, ambako alifariki mwaka 1944. Kwa hiyo wote wawili, mtafutaji na aliyefichwa, waliishi kando ya ziwa moja kwa nyakati mbalimbali. Mmoja alikwenda kwa hiari yake akaiita amani. Mwingine alipelekwa kwa nguvu, na nuru ile ile iliyoteremka kutoka vilele vya Kongo ikamkuta yu mfungwa katika nchi yake mwenyewe. Uzuri wa mahali haumtoshi mtu aliyenyang'anywa uhuru wake.

Ndugu askari, yawezekana usiku huu mmoja wenu amepangwa lindo la alfajiri, Kamembe au Mtwara, Bukavu au Arua. Hatumwambii aache kazi atunge mashairi. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda usingizi wa wengine. Lakini tunamwambia kwamba saa ile si saa tupu. Akiitazama nuru inavyokuja, atajifunza kungoja kabla ya kusema, na akiwa na karatasi mfukoni na jambo moyoni, na aliandike zamu yake ikiisha. Kisha kukipambazuka, na awatazame watu wanaopita njiani wakienda shambani na sokoni kwa uangalifu ule ule aliotumia kuvitazama vilima.